Mwendo wa Mtemi

Majina ya watu wote waliocheka siku ile ninayo. Ninaweza kuyataja kuanzia waliokaa upande wa zizi hadi waliosimama kwenye masufuria, kila mmoja na jina la baba yake. Siyaandiki. Sijasahau, na wala siwaonei huruma. Ni kwamba mtu ukimwandika jina umempa pa kukushika. Atakwenda ofisini na karatasi yako, aseme tazameni, amenitaja. Usipomtaja, anabaki na aibu yake mikononi, hajui aitue wapi. Zamani sikulijua hilo. Nilifundishwa na mjukuu wangu, ambaye tangu azaliwe hajawahi kusikia jina la mtu hata moja.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Kuandika nimejiongezea mwenyewe kanisani kwa kunakili nyimbo. Kwa hiyo nitaandika kama ninavyoongea, na anayetaka vingine atafute mwandishi mwingine.

Kiharusi kilimkuta mzee wangu shambani, akipalilia pamba. Tulimbeba kwenye mkokoteni wa ng'ombe hadi barabara ya Bariadi, tukapata gari, akatibiwa. Hakufa wakati ule. Ila mguu wa kushoto ulibaki wa kuburuta, na ulimi ulikataa kabisa. Akitaka maji anasema ba. Akitaka kugeuzwa anasema ba. Mwanaume aliyekuwa akisimama mlangoni akiita ng'ombe wanageuka kutoka mbugani, sasa neno lake likawa moja. Watu waliokuja kumjulia hali walimpigia kelele kama vile masikio ndiyo yameharibika, kisha wananigeukia mimi, wakiniita mayu, yaani mama: "Anasemaje, mayu?" Na mimi sikujua anasemaje.

Aliyejua ni mjukuu wetu wa kike, mtoto wa binti yangu. Hasikii. Alisoma mjini kwenye madarasa ya watoto wasiosikia, akarudi akiongea kwa mikono na sisi tukimtazama kama ng'ombe wanavyotazama treni pale Malampaka. Babu yake alipopoteza ulimi, mjukuu alikaa naye kwenye kivuli cha ghala, akamfundisha kwa mkono mmoja uliobaki mzima. Basi ikawa asiyeongea na asiyesikia ndio wenye maongezi marefu kuliko nyumba nzima. Nikipita na ndoo nawakuta wanacheka. Nauliza mnacheka nini, mjukuu anaweka mkono kiunoni, anatoa kiwiko nje. Hilo ndilo jina langu, na ndivyo nilivyoanza kuiokota mikono yao, neno moja moja. Watu wasiosikia hawakuiti kwa herufi; wanachukua kitu kimoja cha mwili wako, wanakupa, na ukishapewa hakitoki.

Mzee wangu alikufa wakati watu wanavuna mtama.

Sasa kwetu msiba una watani. Anayesoma hapa akiwa si mtu wa huku aelewe: mtani ni wa ukoo ambao tangu mababu mmeruhusiana kutukanana. Akifa mtu wenu, mtani anakuja, anavaa koti la marehemu, anatembea kama marehemu, anaonyesha jinsi alivyokuwa bahili wa nyama au alivyokuwa akilewa, na waliokuwa wanalia wanajikuta wanacheka. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayeshika jembe la kaburi na kuchota maji. Na kuna jambo moja mtani haligusi, hata awe amelewa: ugonjwa uliomuua mtu. Hilo hakuna anayefundishwa. Mtu anakua nalo tu.

Watani wetu walikuja. Wanawake wao walishika masufuria, wanaume wao walichimba. Mmoja alitembea akihesabu kuku wa mzee wangu kama alivyokuwa akiwahesabu, nami nilicheka nikiwa kwenye mkeka wa mjane.

Ndipo akainuka jirani yetu mmoja. Si mtani. Ukoo wake na ukoo wetu hazina utani, hazijawahi kuwa nao. Alikuwa mtu wa sauti. Kila mwaka baada ya mavuno yeye ndiye aliyeigiza Mtemi katika lile igizo la kale la mvua, ambalo hapa kwetu kila mtu amelikuta na mama yake pia alilikuta. Na kwa sababu ya sauti ile alizoea kwamba penye watu wengi lazima na yeye atazamwe. Akachukua koti la mzee wangu lililokuwa limetundikwa mlangoni. Akalivaa. Akaanza kuburuta mguu wa kushoto. Akapindisha mdomo, akaachia mate yatiririke kidevuni, akanyoosha mkono mmoja kuomba maji na kusema, "Ba. Ba. Ba-ba-ba."

Watu wakacheka. Wote wale ambao majina yao ninayo.

Mwanamke mmoja wa watani wetu wa kweli aliweka mwiko chini. "Huyo nani kamtuma?" akasema. "Huyo ni mtani wa nani?" Lakini kicheko kilikuwa kikubwa, kikamfunika. Mimi mjane sikuruhusiwa kuinuka mkekani kabla ya maziko. Nilikaa. Mjukuu wangu alisimama kwenye uzio wa minyaa. Hakusikia kicheko, aliona tu midomo imefunguka, midomo mingi pamoja. Akaniuliza kwa mikono: wanamcheka babu?

Nikamjibu: hapana, wanalia.

Akanitazama. Yeye tofauti ya uso unaolia na uso unaocheka anaijua kuliko sisi wenye masikio.

Matanga yalipokwisha nilimtuma shemeji yangu, mdogo wake marehemu, kwa yule bwana. Sikutaka mbuzi wala faini. Nilitaka kitu kimoja: asimame mbele ya watu walewale waliocheka, aseme nilikosa. Shemeji alikwenda, akarudi anatazama vidole vyake vya miguu.

"Kasemaje?"

"Shemeji, yaache."

"Nimekutuma ukalete jibu. Lilete."

"Anasema utani ni utani. Anasema, mwambie huyo mama kama hana meno ya kuchekea, asubiri aote mengine."

Nikasema wabeja, asante, nimesikia. Nikaenda kukamua ng'ombe. Tangu siku ile nilikuwa nasubiri meno yaote.

Nilisubiri muda mrefu, na katika kungoja huko nilikuwa nasalimiana naye barabarani vizuri kabisa. Mwadila, mzee. Mwadila, mayu, mhola? Mhola. Ananipita. Namtazama anavyokwenda.

Wakati huo mjukuu wangu na wenzake aliosoma nao walikuwa wameanzisha kikundi chao. Wanaigiza maigizo ya kale bila neno hata moja, siku za mnada, pembeni ya wauza ng'ombe. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani ni mchezo wa watoto. Nikaenda kuona. Hawakuchukua hadithi mpya. Walichagua zile ambazo mtu anazijua tangu mgongoni kwa mama yake, kwa sababu hadithi unayoijua haina haja ya maneno, macho yanatosha. Walijipaka unga wa muhogo mikononi hadi kwenye kiwiko ili mikono ionekane mbali, hata kwa mtu aliyesimama juu ya trekta. Wakitaka kuitana wanapiga ardhi kwa kisigino, mwenzao anaisikia kwenye nyayo. Na watu, badala ya kupiga kelele za mnada, walikuwa wananyamaza. Mtu akiguna, jirani yake anamfinya. Mwenye maneno ndiye alikuwa anaonekana mgeni pale.

Lile igizo la mvua walitaka kulicheza lakini hawakuwa na bibi. Nilieleze kwa ufupi kwa ambao si wa huku: mvua imegoma, mganga anamwambia Mtemi kwamba mama mmoja mzee ameifunga. Mtemi anamfukuza yule mama mbele ya watu, anachomewa nyumba. Anapokwenda, mvua inanyesha, lakini inamfuata yeye tu, pale anapokanyaga panalowa na kwingine pakavu. Mwisho Mtemi inabidi amfuate, apige magoti, aombe. Yule mama anageuka, anammwagia maji ya kibuyu kichwani, na mvua inanyesha kwa wote. Wasichana wa kikundi walipoigiza yule mama walikuwa wanainama mgongo tu. Wanadhani uzee ni mgongo. Uzee uko kwenye kukaa na kwenye kuinuka. Nikamwambia mjukuu wangu, niwekeni mimi.

Mwanzo niliwapa taabu. Mdomo wangu haukai. Nikifukuzwa nasema mwe, nikikaa nasema uuh, Mungu wangu, na kila nikisema mjukuu ananipiga midomo kwa kiganja chenye unga. Nilirudi nyumbani mweupe mdomoni kama ndama anayenyonya. Lakini nilijifunza. Na nilipojifunza kunyamaza nikaona vitu. Mtu akinyamaza anaona jinsi watu wanavyotembea.

Mtemi alikuwa anaigizwa na mjukuu wangu mwenyewe. Anatembea kama bosi yeyote, kifua mbele. Siku moja nikamwambia kwa mikono: huyo si Mtemi. Njoo.

Tukaenda sokoni, tukakaa na mama anayeuza dagaa wa Kalemela, tukajifanya tunachambua mchanga. Yule bwana akapita. Nikamwonyesha. Anatupa mguu wa kulia nje, kama anayemfukuza ndama asiyeonekana. Akisimama anavuta suruali juu kwa viwiko vyote viwili, si kwa vidole. Na kabla ya kusema neno lolote, hata akitaka kuuliza bei ya nyanya, anapitisha kiganja kutoka puani hadi kidevuni, anapangusa uso wote, ndipo sauti inatoka. Mjukuu alitazama kama anayekula. Akaniuliza: ni yeye? Aliyevaa koti?

Nikasema ni yeye.

Akapitisha kiganja puani hadi kidevuni. Akampa jina pale pale, kwenye ndoo ya dagaa.

Siku ya mnada mkubwa, msimu wa pamba ukiwa umefunguliwa na watu wana furaha, tulipangiwa kucheza mbele ya wageni. Yeye alikaa mbele chini ya turubai, kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, kwa kuwa alikuwa anataka uenyekiti wa chama cha wakulima wa pamba na mtu wa namna hiyo lazima akae mbele. Alikuwa amemwambia jirani yake, na mimi nilimsikia nikiwa najipaka unga: "Igizo la Mtemi bila sauti? Hilo ni sawa na ugali bila mboga. Mtemi ni sauti, bwana."

Tukaanza. Mtemi akatoka nyuma ya kitambaa akitupa mguu wa kulia nje.

Nilitazama watu. Walioketi nyuma ndio walioanza. Kichwa kimoja, halafu kingine, halafu kiwiko kwenye mbavu za jirani. Mtemi akavuta nguo yake juu kwa viwiko. Hapo mama wa dagaa akashika mdomo. Na yule bwana naye alikuwa anacheka, tena kwa sauti kuliko wote, anapiga paja: "Huyu binti anajua! Huyu anajua!" Hajijui. Mtu hajawahi kujiona mgongoni.

Kisha Mtemi akasimama mbele yangu kunifukuza, akapitisha kiganja chake cheupe kutoka puani hadi kidevuni, taratibu sana, na unga ukabaki usoni kama mstari. Mnada mzima ukalipuka. Wanawake wa watani wetu walikuwepo, wao walikaa chini kabisa kwa kucheka. Na yeye, kwenye kiti chake cha mbele, kwa mazoea, akapitisha kiganja puani hadi kidevuni ili aseme kitu. Akajinasa mwenyewe njiani. Nilimwona. Mkono ulisimama kidevuni, na macho yakaanza kuzunguka kutafuta watu wanamtazama nani.

Tulipanga niondoke hapo, mvua inifuate. Lakini mjukuu wangu hakuniacha niondoke. Alivuka kamba, akaenda hadi kwenye turubai kwa mwendo ule ule, akasimama mbele ya kiti. Akaigiza mtu anachukua koti ukutani, analivaa. Kisha, akiwa bado ni yule bwana, bado anatupa mguu wake wa kulia, akaanza kuburuta ule wa kushoto. Akapindisha mdomo. Akanyoosha mkono wa kuomba maji. Hakusema ba.

Kicheko kilikatika. Waliocheka kwenye msiba wetu walikuwa pale wote, nami nilikuwa nawapitia mmoja mmoja kwa macho. Kuna aliyejifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

Yule bwana akasimama. Akatoa ile sauti. "Ni nani! Ni nani amewatuma kunidhalilisha mbele ya watu! Acheni! Acheni mara moja!"

Ilikuwa sauti kubwa kweli, ng'ombe waligeuka. Lakini waigizaji hawakugeuka hata mmoja. Mjukuu aliendelea kuomba maji. Wenzake waliendelea kusubiri na mabeseni yao ya mvua. Akapaza tena, akapaza hadi ikapasuka, na hakuna aliyemsikia miongoni mwa wale aliotaka wamsikie. Akaangusha kiti, akaondoka. Na hakuwa na mwendo mwingine wa kuondokea isipokuwa ule. Aliutupa mguu wa kulia mbele ya mnada mzima, hatua moja, nyingine, akajaribu kuuzuia, akawa kama mtu anayevuka tope. Vijana walirekodi kwa simu. Igizo halikuisha siku hiyo, ila mimi nililala vizuri.

Asubuhi yake akaniita kwa mtendaji wa kijiji. Nikaenda nimevaa kitenge kizuri.

"Mama, huyu mzee anakulalamikia," mtendaji akasema, kijana mwenye adabu. "Mzee, eleza. Walikutukana?"

"Walinitukana."

"Walisemaje?"

"Hawakusema."

"Walikutaja jina?"

"Hawakunitaja, lakini kila mtu alijua ni mimi!"

"Walijuaje?"

Yule bwana akapitisha kiganja puani hadi kidevuni. Mtendaji akainama ghafla chini ya meza kutafuta kalamu ambayo ilikuwa mkononi mwake. Aliporudi juu macho yalikuwa na maji.

"Sasa mzee, hapa niandike nini? Kwamba ametembea?"

"Amenitembea mimi!"

"Mimi nimeigiza bibi aliyefukuzwa," nikasema. "Labda nilimfukuza yeye, mtendaji, uangalie."

Tukaondoka. Sikufanya kitu kingine tena, kazi ilikuwa inajifanya. Ile video ilikwenda wasapu hadi Zagayu, hadi Mwanza kwa mwanawe, ambaye alimpigia simu akamwuliza, baba, ulimfanya nini yule marehemu? Watoto wa shule wakimwona wanatupa mguu. Kwenye mkutano wa pamba jina lake lilipopendekezwa, hakuna aliyepinga. Mtu mmoja tu wa nyuma alijipangusa uso, na ukumbi ukaisha kwa kicheko. Akaanza kubadilisha mwendo. Anatembea na miguu imebana kama amebeba yai. Akaacha kwenda sokoni, akawa anamtuma mke wake, na mke wake alikuwa akinipita ananisalimia kwa heshima ambayo hakuwa nayo kabla.

Mwishowe akaja kwangu. Saa za mchana, na mkewe, na sukari. Nikawapa viti. Nikaacha wakae kimya, maana kimya sasa nilikijua.

"Shemeji," akaanza, kana kwamba mzee wangu alikuwa kaka yake, "tumeishi hapa tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Basi yaishe. Sisi ni wazee. Watoto wananitembea barabarani, shemeji. Nimekuja nikwambie hapa: lile jambo halikuwa zuri."

"Jambo gani?"

Mkewe akamtazama. "Sema," akamwambia.

"La koti."

"Umesema. Mimi na mkeo tumesikia, na kuku. Wewe ulimcheza mzee wangu mbele ya kuku?"

"Unataka nini, mama? Sema nitoe. Mbuzi? Ng'ombe?"

"Nilikuambia siku nyingi ninachotaka. Ukaniambia niote meno." Nikamfungulia mdomo aone. "Bado, lakini naendelea."

Mkewe alicheka, akajikohoza. Nikasema mwenye kesi si mimi peke yangu, nikapiga chini kwa kisigino, mjukuu akatoka ndani. Nikamwambia yule bwana, mwombe huyu. Akaanza kumpazia sauti: "Binti! Mimi! Nimekuja!" Mjukuu anamtazama tu. Akapaza zaidi. Nikamwambia, mzee, hata ukipasuka. Ikabidi atumie mikono, na mikono yake haikujua kitu. Alikuwa anaitikisa hewani kama anayefukuza nzi. Mjukuu alimwacha atikise. Kisha akajibu, mara moja.

"Anasemaje?" akaniuliza.

Lile swali. Nilitamani nimwambie hata mimi sijui. Lakini nilimwambia: "Anasema igizo halikuisha. Mnada ujao linamaliziwa, na Mtemi ni wewe. Kuanzia kwenye koti. Bila sauti."

"Nikifanya hivyo itakuwa imekwisha?"

"Igizo unalijua. Umelicheza miaka yote."

Akakaa anaitazama sukari yake. Mkewe ndiye aliyesema, "Atakuja."

Akaja. Sikuamini hadi nilipomwona nyuma ya kitambaa, mjukuu wangu akimpaka unga mikononi, hadi kwenye kiwiko, taratibu, kama anayemwandaa ng'ombe wa maonyesho. Mnada ulikuwa umejaa hadi kwenye mapaa ya malori. Mimi nilikaa katikati kwenye kigoda, mgongo kwa watu, kibuyu cha maji mapajani, kama igizo linavyotaka. Nilikodoa macho pembeni kidogo ili nione, jambo ambalo igizo halitaki.

Alitoka kwa mwendo wake wa kweli. Kicheko kikaanza, kikafa chenyewe. Alifika mbele, akaigiza koti, akaigiza mguu, mdomo, mate, mkono wa kuomba maji. Mdomo ulifunguka mara moja kutaka kutoa sauti, akaufunga. Kisha akawaelekea watu, akajinyooshea kidole mwenyewe kifuani, akatikisa kichwa, akajipiga kofi la shavu, kubwa, unga ukaruka. Akawatazama waliocheka. Alijua walipo, kama mimi nilivyojua. Nao wakatazama chini, mmoja baada ya mwingine, wengine wakavua kofia. Halafu akaja nyuma yangu, akapiga magoti. Magoti yake yalilia, wote wenye masikio tulisikia.

Hicho ndicho nilichokitaka tangu mkekani. Nilikipata chote, hakikupungua.

Sasa ilibaki zamu yangu. Vijana walikuwa nyuma ya kitambaa, mabeseni ya mvua yameinuliwa, wananitazama nigeuke. Mjukuu wangu alinitazama pia, mikono ameiacha chini, hakunishauri kitu.

"Mmwagie, mayu!" mtu akaita.

"Mmwagie! Inatosha!"

"Msamehe mama, jua kali!"

Nikageuka. Nikamtazama pale chini, uso wote mweupe na jasho limechora njia. Akainamisha kichwa kupokea maji. Nikainua kibuyu.

Nikanywa. Jua lilikuwa kali kweli, walisema wenyewe. Nilikunywa polepole hadi tone la mwisho, nikapangusa mdomo kwa kitenge, nikakifudikiza kibuyu mbele ya magoti yake. Kisha nikachukua kigoda changu, nikapita katikati ya watu, nao wakanipisha, nikaenda kununua dagaa.